Kipingamizi cha Jumapili ya Tatu

Moscow, 2 Juni 2019

Kwa msimamizi wa ukurasa wa kanisa, Litein

Shikamoo,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Niwie radhi kwa Kiswahili changu. Nilijifunza chuoni, kwa vitabu, na sina mtu wa kuzungumza naye.

Katika ukurasa wenu kuna video ya ibada ya Pasaka. Mwanamume mrefu anaongoza wimbo, ameshika maikrofoni kwa mikono miwili. Anapofika kwenye sauti ya juu anafumba jicho la kushoto. Chini yake mmeandika: mzee mteule Bethwel Kiptum. Ningependa kujua kama ndiye Bethwel Kiptum aliyesomea kilimo kwetu, enzi za Muungano wa Kisovieti, akapelekwa kujifunza kazi katika mashamba ya chai juu ya mji wa Sochi.

Sitaki kitu kwake. Nataka kujua tu kama yu hai.

Wako mtiifu,
Zoya Betvelovna Sidorenko


Litein, 5 Juni 2019

Zoya,

Huku hatusemi shikamoo. Ukimwamkia mtu hivyo sokoni atakuuliza umetoka Mombasa lini. Sema chamgei.

Yu hai. Ana afya kuliko mimi. Alisoma Urusi mpaka 1989, na hilo kila mtu analijua, kwa sababu hajawahi kushika maikrofoni asitaje theluji. Theluji anaitaja. Mtu hajawahi kumtaja.

Nimetafuta jina lako. Nimempata mwanamke aliyevaa ngozi ya chui, anaimba kwenye jukwaa lenye moshi na umati unampigia kelele. Sikuelewa neno hata moja. Kwenye sauti ya juu ulifumba jicho la kushoto. Mimi pia hulifumba. Mwalimu wetu wa kwaya alinichapa kwa sababu hiyo, akidhani namkonyeza.

Usiandike tena kwenye ukurasa wa kanisa, katibu naye huusoma. Tumia anwani hii.

Mimi ni binti yake. Nilidhani ni wa kwanza.

Chepchirchir


Moscow, 9 Juni 2019

Chamgei, Chepchirchir,

Barua yako niliisomea nyuma ya jukwaa, katika karamu ya kiwanda cha saruji. Siku hizi ndiko ninakoimba: viwanda, harusi za matajiri, meli za watalii. Wanaokumbuka nyimbo zangu wamenenepa, na huja kunikumbatia wakilia juu ya ujana wao.

Mama yangu, Lyudmila, alikuwa akipima majani katika shamba moja la chai. Bethwel alikuwa mwanafunzi mwenye gitaa. Nilipotimiza mwaka mmoja alirudi kwenu kuandaa nyumba, akaahidi kutuita. Mama alishona gauni la safari, jepesi, la nchi ya joto. Alifariki msimu wa baridi uliopita, na gauni lile bado halijavaliwa.

Warusi humwita mtu kwa jina lake pamoja na la baba yake. Betvelovna maana yake ni binti Bethwel. Kila mwalimu na kila daktari aliyetaka kuniheshimu alilazimika kumtaja yeye. Nilikua nikiitwa hivyo na watu wote isipokuwa mwenye jina.

Niliimba kwaya ya watoto, kisha mikahawa ya ufukweni. Nikaenda Moscow kusoma Kiswahili ili siku moja nimtukane kwa lugha anayoielewa. Huko nikashinda shindano la televisheni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mtayarishaji aliyenichukua alisema Sidorenko haliuzi, akaniita Zoya Safari, akanivika ile ngozi, akanitungia baba: mfalme wa milimani, aliyepinduliwa na kuuawa. Wimbo wangu wa kwanza, Binti wa Simba, uliimbwa hata na watoto wa chekechea. Nilihojiwa Jumamosi jioni, nchi nzima ikitazama, nikamlilia baba yangu marehemu. Machozi yalikuwa ya kweli. Watu walileta maua mlangoni kwangu.

Kwa hiyo nilimuua hadharani zamani sana, dada. Sasa unaniambia anaongoza nyimbo za Pasaka.

Zoya


Litein, 14 Juni 2019

Dada Zoya,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Nafundisha sekondari, na wanafunzi wakifanya mtihani mimi hukaa mbele yao nikifikiri mambo yangu. Nimefikiri. Sasa nikuambie.

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni Eldoret nilipata mimba. Kijana aliniacha, hilo halina ajabu. Ajabu ni baba. Wazee wa kanisa walikuwa hawajasikia lolote. Ni yeye aliyenipeleka kwao. Akaniandikia maneno ya kusema, kwa mwandiko wake mzuri, akanisimamisha mbele ya kanisa zima Jumapili niyasome. Kisha nikawekwa chini ya nidhamu. Kwetu, aliye chini ya nidhamu hukaa benchi la nyuma peke yake, hashiriki meza ya Bwana, na akipata shida kanisa halimtembelei mpaka arudishwe. Mtoto wangu alizaliwa kabla ya wakati. Hakulia. Akina mama ambao huenda kila nyumba yenye msiba na chupa za chai hawakuja kwetu, kwa kuwa nidhamu yangu ilikuwa haijaisha.

Watu walimsifu baba. Walisema huyu haogopi hata damu yake. Ndipo jina lake likaanza kutajwa kwa uzee wa kanisa.

Sasa sikiliza. Mzee wa kanisa lazima awe na ndoa ya kanisani, naye hana. Kwa hiyo Agosti anafunga. Bibi harusi ni mama mmoja mkulima wa majani chai, mtu wa kimya. Kamati ya ndoa ilimuuliza baba mbele yangu, maana mimi ndiye huwaandikia mukhtasari: una mtoto mahali pengine? Akasema hana. Hakumeza hata mate.

Ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Jumapili ya tatu, tarehe 14 Julai, mchungaji atauliza kama kuna mwenye kipingamizi. Huwa ni desturi tu, watu hukohoa na kuendelea.

Nataka asimame pale niliposimama. Sitaki kingine. Nataka asimame, bila karatasi.

Njoo uwe kipingamizi.

Chepchirchir


Moscow, 20 Juni 2019

Mdogo wangu,

Nitakuja. Nimewaambia watu wa meli watafute mwimbaji mwingine.

Niliisoma barua yako mara moja, nikatoka kutembea, na nilipotambua niko wapi nilikuwa upande wa pili wa mto. Wewe alikulea na akakufanyia hivyo. Mimi nilidhani nilinyimwa kitu.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Mimi ni Zoya binti Bethwel." Halafu nitanyamaza. Najua kazi ya kunyamaza jukwaani. Watu hawaisahau.

Swali moja. Hujasema neno juu ya mama yako. Je, naye aliachwa?

Zoya


Litein, 25 Juni 2019

Dada Zoya,

Mama yangu tumwache.

Usilale Litein. Waendesha boda boda wa hapa wataujua mwanzo na mwisho wako kabla hujashusha begi. Nimekupatia chumba Kaplong, karibu na hospitali ya misheni, ambapo wageni ni jambo la kawaida. Mwenye nyumba anaitwa Mongina, mama Mgusii anayeuza vitambaa. Ni mkarimu na anaongea sana. Mwambie umekuja kutazama mashamba ya chai. Atakupa uji wa wimbi na kukuuliza kwa nini huna mume.

Jumapili ukae karibu na mlango. Vaa nguo ya heshima. Likiulizwa swali, inuka taratibu, wageuke wote kwanza. Mimi nitakuwa kwenye kinanda. Nitamtazama yeye, sitakutazama wewe.

Chepchirchir


Kaplong, 12 Julai 2019

Chepchirchir,

Barua hii ninaikabidhi kwa mwendesha boda boda, na nimemwambia asiondoke kwako mpaka uisome.

Leo asubuhi Mongina alikuwa akikunja vitambaa. Akaniambia, "Hii nyeupe ni ya harusi ya huko Litein. Bethwel ameamua kumbariki Phyllis wake, na watoto wao washaota ndevu."

Nikauliza, "Phyllis ni nani?"

"Ni mama ya wale watoto wake. Wamekaa kimila tu miaka yote. Amengoja huyo mama, wacha. Msichana wake mwalimu ndiye alikuja kuchagua kitambaa. Akagusa zote, akachukua hii. Nikamwambia, wewe unampenda mamako."

Umemchagulia mama yako gauni, kisha ukanialika nimvue mbele ya kanisa.

Mimi nilikuja kwa ajili ya mwanamume mmoja. Mwanamke aliyengoja na gauni lake ninamjua, nimemzika mwaka huu. Ulijua hivyo, niliwahi kukuandikia. Ukasema bibi harusi ni "mama mmoja". Umenishika kama panga, Chepchirchir, na hata hukuniambia nakata wapi.

Jibu kwa mkono wa kijana huyu.

Zoya


Litein, 12 Julai 2019

Zoya,

Ndiyo, ni mama yangu.

Siku niliyosimama alikuwa benchi la kwanza, amefungua kitabu cha nyimbo. Nilisoma maneno ya baba mpaka mwisho nikitazama kitambaa chake cha kichwa. Hakugeuka. Nilipotoka kwenda benchi la nyuma nilipita karibu naye hivi kwamba sketi yangu iligusa mkono wake. Akafungua ukurasa mwingine. Wimbo ulipoanza, aliimba.

Miezi yote ile alipika, alifua, aliniuliza kama nimekula. Hakunitajia jambo lile. Hata mtoto hakumtaja.

Kwa hiyo usiniambie juu ya wanawake wanaongoja. Niliwataka wote wawili, baba na mama. Kitambaa nilichagua kizuri kwa makusudi. Nilitaka awe na kitu cha kupoteza, kama nilivyokuwa nacho mimi.

Njoo Jumapili au usije. Ila usinifundishe huruma ukiwa umelala Kaplong siku mbili tu.

Chepchirchir


Litein, 15 Julai 2019

Zoya mtoto wangu,

Mimi ni Mama Phyllis. Kiplangat kijana wangu ndiye anakutumia hii kwa picha, simu yangu ni ya kubonyeza tu. Nimemwambia asisome. Najua amesoma.

Umefika salama? Jumamosi nilikuona unashuka katikati ya majani na hivyo viatu nyeupe, nikasema huyu ni mtu wa kampuni, leo tumeharibikiwa. Halafu ukaanza kuchuna na mimi bila kuulizwa. Unachuna vizuri. Unavunja na kidole, hukati na kucha. Mamako alikufunza. Uliponiambia wewe ni nani, nilikuomba tu unisaidie kubeba kikapu mpaka senta ya kupimia majani. Nilitaka kutembea nikifikiri. Pale njiani ulinieleza vile mlipanga na Chepchirchir. Hukuficha. Ukasema huendi kanisa tena, na hutaki Bethwel akuone mpaka yeye akutafute mwenyewe. Hapo tuko pamoja.

Sasa nikwambie ya Jumapili. Bethwel alikaa na tabasamu ya meno yote. Mchungaji akasoma majina yetu, akauliza kama kuna mtu ako na kipingamizi. Watu wakakohoa vile hukohoa. Nikasimama.

Mchungaji akasema, "Mama, subiri, bado wakati wa maombi ya wagonjwa."

Nikamwambia mimi si mgonjwa, niko na kipingamizi.

Akasema, "Lakini Mama Phyllis, bibi harusi hawezi kupinga harusi yake."

Nikamwambia, "Angalia kwa hiyo kitabu yako uone kama imekatazwa."

Akaangalia, Zoya. Akafungua kabisa. Watu wa nyuma wakainuka waone anasoma wapi.

Nikasema Bethwel ako na mtoto Urusi na aliambia kamati hana. Nikasema napinga mpaka asimame pale alisimamisha Chepchirchir. Halafu nikaketi.

Ile siku ya Chepchirchir mimi sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitalia, na wakati huo nilifikiri kulia kwangu kutamharibia Bethwel jina. Hiyo ni yangu na Chepchirchir, si yako kubeba.

Kula vizuri. Wewe ni mwembamba sana kwa mtu wa huko baridi.

Mama Phyllis


Litein, 22 Julai 2019

Zoya,

Ulirudi kwenu bila kuniaga. Sawa. Kisasi changu kilichukuliwa na mtu niliyetaka kimpate, na sijui nimchukie nani kwanza.

Amesimama jana. Nikueleze, maana nilikuwa nimeingoja siku hiyo muda mrefu na nilikuwa kwenye kinanda, mahali pazuri pa kuona.

Alisimama bila karatasi. Akaanza chini, kisha sauti ikapanda, unajua anavyojua. Akasema alikuwa kijana, nchi ya mbali, bila mchungaji, bila mama. Akataja theluji. Akasema ana binti anaitwa Zoya, na machozi yakamtoka. Mzee mmoja akasema amina. Mwingine akasema Bwana asifiwe. Mama mmoja wa kwaya akampelekea leso. Alipomaliza, walipiga makofi, Zoya. Walisimama wakapiga makofi. Mchungaji akamkumbatia, akasema huu ndio ujasiri wa mwanamume wa Mungu, na kwamba kwa ushuhuda kama huu nidhamu haina haja.

Mimi nilisimama palepale na mimba ya miezi minne, na sakafu ndiyo peke yake iliyonisikiliza.

Jina langu hakulitaja.

Mikono yangu ilikuwa juu ya kinanda. Mchungaji alinipa ishara nianze wimbo wa shangwe. Sikuanza. Akamgeukia mama akitabasamu: "Mama Phyllis, sasa tunaendelea na harusi yetu?"

Mama akainuka. Akauliza, "Chepchirchir alipigiwa makofi?"

Mchungaji akasema, "Mama, mambo ya zamani..."

Mama akachukua mkoba wake na Biblia yake, akatoka benchi la kwanza, akatembea kati ya watu mpaka benchi la nyuma, lile lisilokaliwa na mtu, akakaa. Akasema kutoka huko, wala hakuinua sauti, "Bado napinga."

Nilifunga kinanda nikaenda nikakaa karibu naye. Aliushika mkono wangu kama mtu anayeangalia kama chuma kimepoa.

Baba ananiuliza anwani yako. Anasema anataka kukuandikia. Nimpe?

Chepchirchir


Sochi, 30 Julai 2019

Mdogo wangu,

Makofi nayajua. Ndiyo kazi yangu. Nimepigiwa makofi kwa uongo miaka kumi na miwili, na sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani kuna msichana aliyesema kweli na hakupigiwa.

Wiki iliyopita nilialikwa tena kwenye kipindi kile cha Jumamosi, kuwakumbusha watu nyimbo za zamani. Mtangazaji aliniuliza juu ya mfalme. Nikamwambia hakuna mfalme. Baba yangu hakufa, ni mkulima wa chai, alituacha na hajawahi kutuma hata salamu. Alicheka, akidhani natania. Halafu akaacha kucheka. Mtayarishaji wangu ameniambia nimejimaliza. Labda. Nimerudi Sochi, naimba katika ukumbi mdogo, na bango limeandikwa Zoya Sidorenko. Wamekuja wachuma chai wachache waliomjua mama.

Ile ngozi ya chui nimemrudishia mtayarishaji. Ilikuwa ya plastiki.

Anwani usimpe. Mwambie nitamwita.

Zoya


Litein, 11 Agosti 2019

Chamgei dada,

Nilimwambia. Alikuwa anakamua. Aliuliza, "Ataniita lini?" Nikamwambia hukusema. Akaegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, akakaa hivyo. Nilingoja nimwonee huruma. Nilingoja kweli, maana mimi hujichunguza, unanijua. Nikaondoka ikiwa bado haijaja.

Juzi jioni aligonga mlango wa chumba changu, akasimama nje, akasema, "Chepchirchir, yale maneno niliyokuandikia..." Nikamwambia hayo akayasemee mahali yaliposomwa. Hajayasema bado.

Uzee wa kanisa umeahirishwa. Mama bado anakaa nyuma, nami nipo karibu naye. Jumapili iliyopita alikuja Nyanchoka, mke wa mwenye duka la mbolea, akakaa nasi, akasema huko mbele kuna jua kali. Hakuna jua kali mbele.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya harusi. Hema halikuja, fahali hakuchinjwa, na mama alienda kuchuna majani kama Jumamosi yoyote. Jioni nilikuwa jikoni naye, tunachambua mboga. Baba alikuwa sebuleni anapiga pasi suti yake mwenyewe. Tangu Julai hufanya hivyo kila Jumamosi, maana hajui ni Jumapili gani mama atakubali.

"Phyllis," akaita, "nimwambie mchungaji ni kesho?"

Mama hakuinua kichwa. Akatoa jani bovu, akaliweka kando.

"Endelea kupiga pasi," akamwambia.

Chepchirchir